Umeme ukirudi, nani aamke kwanza?

NILIKUWA nimekaa juu ya belo la mashati katika stoo yetu hapa Owino, pale mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alipofika kuchukua mzigo wake. Mama huyu alikimbilia Uganda wakati wa vita, akaishi hapa miaka kadhaa, kisha akarejea kwao Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, ambako sasa anauza nguo za watoto. Wiki mbili kabla alikuwa ametuachia Sh2,000,000 za Uganda, malipo ya awali ya mabelo yake.

Nikageukia kompyuta kutafuta jina lake. Halikuwapo. Nikatafuta kwa namba ya simu. Hakuna. Nikafungua orodha ya wateja wote, nikakuta tupu kabisa. Kwa mujibu wa kompyuta ile, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kutulipa.

"Mwanangu, hela nilikuhesabia mkononi," akasema taratibu. Basi lake lilikuwa linaondoka jioni. Wapagazi na wateja wengine wakaanza kusogea kusikiliza, na kila aliyefanya biashara sokoni anajua jambo la namna hiyo linavyoweza kuishia.

Kilichoniokoa ni stakabadhi aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la kitenge. Nikamwomba akae, nikampigia simu fundi wetu.

Kila mmoja alifanya kazi yake

Soko hili, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, lilianza mwaka 1971. Mwaka 2009 moto mkubwa uliteketeza sehemu yake na mali ya watu wengi. Tangu hapo sisi tuliapa kwamba hesabu hazitakaa kwenye daftari peke yake. Ndiyo maana baadaye tulinunua seva, kompyuta ndogo isiyozimwa, yenye diski ya pili ya kutunzia vitabu vya hesabu. Sasa vitabu hivyo ndivyo vilivyokuwa vimetoweka.

Fundi alipofika hakugusa kitu kwanza. Aliuliza swali moja tu: "Kaka, jana usiku umeme ulikatika?" Nikamjibu kwamba ulikatika, ukarudi alfajiri.

Akanieleza kwamba ndani ya seva yetu kuna kazi nne zinazotegemeana. Kwanza ni diski ya pili yenye vitabu. Pili ni hifadhidata, ambayo ndiyo karani anayesoma na kuandika vitabu hivyo. Tatu ni programu ya mauzo ninayoiona mimi kwenye kioo. Nne ni ile inayotuma ujumbe wa simu kwa wateja walioko mpakani.

Alfajiri ile diski ilichelewa, kwa sababu baada ya kuzimika ghafla ilikuwa inakaguliwa kwanza. Lakini aliyetufungia mashine alikuwa ameiagiza isisubiri diski. Hifadhidata ikaamka, ikaenda kwenye folda yake, ikakuta hakuna kitu. Ikadhani ndiyo kwanza imefungwa, ikaanzisha vitabu vipya. Programu ya mauzo ikaamka, ikafungua vitabu vilivyokuwapo.

"Ni kama mchuuzi anayefika kabla ya mwenye funguo za stoo," alisema fundi. "Anakuta meza tupu, anamwambia mteja hatuna mali. Hajasema uongo, lakini mali ipo."

Vitabu vyetu vya kweli vilikuwa salama kwenye diski. Hatari ilikuwa mbele: kama ningeendelea kuandika mauzo ya siku ile, tungekuwa na hesabu mbili zisizopatana.

Kuamka si kuwa tayari

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mashine haijui mpangilio yenyewe. Zamani, kwenye mfumo wa Linux, huduma zilipangwa foleni kwa namba na kuamshwa moja baada ya nyingine. Ilichukua muda. Mwaka 2010 ilitoka systemd, iliyoanzishwa na Lennart Poettering na Kay Sievers, na kufikia mwaka 2015 Debian na Ubuntu zilikuwa zimeihamia. Hii huamsha huduma nyingi kwa mpigo ili mashine iwahi. Kwa hiyo huduma inayomtegemea mwenzake sharti iandikiwe hivyo.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Neno Requires maana yake ni "siwezi kufanya kazi bila fulani". Neno After maana yake ni "niamshe baada ya fulani". Ukiandika la kwanza bila la pili, wote wawili wanaweza kuamshwa wakati mmoja. Kwa upande wa diski kuna RequiresMountsFor, ambalo hubeba maana zote mbili: bila diski hii nisiamke, na nisiamke kabla yake. Fundi wetu aliliandika hilo kwenye hifadhidata.

Hata hivyo, kazi haikuishia hapo. Hifadhidata iliyozimika ghafla huanza kwa kurekebisha kumbukumbu zake, na inaweza kuchukua sekunde au dakika. Imeamka, lakini haijawa tayari kuhudumia. Kwa hiyo programu ya mauzo sasa inabisha hodi, na isipojibiwa inangoja na kubisha tena. Wanaotumia Docker Compose nao wajihadhari: depends_on ikiachwa peke yake husubiri tu mwenzake aanze. Inahitaji kuongezewa kipimo cha afya na sharti la service_healthy.

La mwisho ndilo lililonifurahisha zaidi. Hifadhidata imekatazwa kuanzisha vitabu vipya yenyewe. Isipoviona, inasimama na kusema imekwama. Ni heri mashine iliyokwama kuliko mashine inayokana deni.

Kisha fundi alizima seva na kuiwasha mbele ya macho yangu mara tatu. Mara moja aliichomoa diski makusudi. Programu ilikataa kufunguka.

Mwenye duka anayetumia mashine kama yangu amuulize fundi wake: umeme ukirudi, nani anaamka kwanza? Anajuaje kwamba mwenzake yuko tayari? Asipomkuta, anafanya nini? Fundi akijibu kwa maneno, mwombe aizime na kuiwasha uone.

Na wewe unayevuka mpaka, stakabadhi yako usiitupe. Ukiambiwa jina halipo, uliza kwanza kama jana umeme ulikatika.

Saa tisa alasiri jina la mama lilionekana, pamoja na Sh2,000,000 zake. Alihakikisha mabelo yake yamepakiwa, akaifunga stakabadhi mpya kwenye pindo lilelile, akawahi basi.