Nipe Mji: Jinsi ya Kuzunguka Mombasa kwa Vitendawili

Mchezo huu sote tumeucheza tangu utotoni. Mmoja huita, "Kitendawili!" Wenzake huitika, "Tega!" Wakishindwa kukitegua, mtegaji hudai, "Nipeni mji." Nao humpa Lamu, Nairobi, hata London. Akisha kuridhika na mji wake ndipo hutoa jibu. Mwaka huu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuliutoa mchezo huo barazani tukautembeza kwa miguu, kutoka Ganjoni hadi Mji wa Kale. Nia yangu ni kukueleza jinsi unavyochezwa, ili nawe uucheze mtaani kwenu.

Wazo lenyewe si geni. Katika miji mingi ya Ulaya mgeni hununua kijitabu cha mafumbo, akajitembeza mwenyewe bila kiongozi. Fumbo la kwanza humwambia, kwa mfano, ahesabu madirisha ya jengo fulani au asome mwaka uliochongwa juu ya mlango. Jibu lake humpeleka kwenye fumbo la pili. Huko Dartmoor, Uingereza, mchezo unaokaribiana na huo ulianza mwaka 1854, wakati kiongozi wa wageni James Perrott alipoacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, ili kila afikaye aache kadi yake humo. Siku hizi wengine huongozwa na simu. Sisi hatukununua kitu. Vitendawili tunavyo, na mji tunao.

Tulijigawa vikundi vya watu wanne wanne. Kila kikundi kilipewa karatasi moja, kalamu, na Jumamosi moja asubuhi. Tulianzia Ganjoni, na kitendawili cha kwanza kilikuwa hiki:

Babu kasimama karne na karne, tumbo tupu, wala halii njaa.

Wengi walikimbilia mbuyu. Hapana! Jibu ni Mnara wa Mbaraki, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nao ndani ni mtupu. Kando yake pana msikiti. Mimi nimeupita mnara ule tangu nilipokuwa nikishikwa mkono kwenda chekechea, na sikuwahi hata siku moja kuusogelea.

Kutoka hapo tulipanda hadi barabara ya Moi.

Pembe nne, ndovu hayupo, herufi moja.

Hiki kila mtu alikitegua. Ni zile pembe kubwa za bati la alumini zilizopitishwa juu ya barabara, zilizowekwa katika miaka ya 1950, nazo kwa pamoja huonekana kama herufi M. Kitendawili rahisi kama hiki hakikosi faida, maana huwapa moyo wachezaji kabla jua halijawachoma.

Tukafuata barabara ya Nkrumah mpaka ufuoni.

Zamani watu waliletwa kwangu kwa pingu, sasa wanalipa kiingilio.

Naam, ni Ngome ya Yesu, au Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani waliizingira kuanzia 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Waingereza nao wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na mwaka 2011 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Pingu na kiingilio! Maneno mawili tu, lakini yamebeba zaidi ya miaka mia.

Ndani ya Mji wa Kale tuliwatega wale wanaojigamba kwa sarufi:

Mwalimu akiniona daftarini atanitia wino mwekundu, lakini hapa nilipo sina kosa.

Jibu ni Ndia Kuu. Kwa Kiswahili sanifu ingekuwa "njia," lakini huu ni mji wa Kimvita, na Mmvita hupita ndiani. Mtaa wa jirani ndipo ulipo Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kujengwa mwaka 1570 au karibu na hapo, wenye mnara mnene chini unaokonda kadiri unavyopanda. Huo tuliutega kwa mnara wake tu, tukautazama tukiwa nje, tukapita kwa adabu.

Sasa nikupe kanuni za kutunga. Kwanza, jibu liwe kitu kinachoonekana kutoka njiani, usije ukabisha hodi kwa watu. Pili, lisiwe jambo ambalo aliyekaa nyumbani angelijua bila kutoka. Tatu, kitembelee kitendawili chako mara mbili, siku ya kukitunga na siku moja kabla ya mchezo. Nne, usimpige mtu picha bila idhini yake, na wakati wa swala punguza kelele. Tano, anayeshindwa atoe mji, lakini asitoe London wala Dubai. Atoe mtaa wa Mombasa, na anayeupokea aeleze jambo moja analolijua kuhusu mtaa huo. Akikosa, mtaa humrudia mwenyewe.

Kanuni ya tatu tuliipata kwa uchungu. Mimi nilikuwa nimetunga kitendawili juu ya mlango mmoja wa mbao uliochongwa maua, katika kichochoro kimoja huko Mji wa Kale. Nilihesabu maua ya kizingiti cha juu, nikaandika jibu, nikarudi nyumbani nikijisifu. Wiki tatu baadaye vikundi vilipofika, hapakuwa na mlango. Palikuwa na geti la chuma lililopakwa rangi ya samawati. Wenzangu wakadhani nimewapoteza njia.

Pembeni alikuwapo mzee akinywa kahawa. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu. Mwatafuta nini?" Tulipomweleza akacheka kidogo, kisha akanyamaza. "Ule mlango umekwenda zake," akasema. "Mliuhesabu maua?" Nikamwambia naam, yalikuwa kumi na moja. "Basi wewe ndiwe uliobaki nayo," akasema, akarudi kwenye kikombe chake.

Wallahi, neno lile lilinikaa moyoni. Tangu siku ile chama chetu kina daftari ambamo kila kitendawili huandikwa pamoja na jibu lake, mahali pake na tarehe. Siku hizi hatutungi ili tu kuwashinda wenzetu. Kitu kilichoandikwa, hata kikibomolewa, angalau kilihesabiwa.

Nilirudi Ganjoni jioni nimechoka. Nikamtega nyanya yangu kitendawili cha mwisho, ambacho hakuna kikundi kilichokitegua: Jina langu latangaza kuhamwa, mbona nimejaa watu? Hakusita hata kidogo. "Si ni hapa petu?" akasema. Ganjo ni mahali palipohamwa pakabaki magofu, na Ganjoni ndipo penye ganjo. Upande huu wa kisiwa ndiko kulikokuwa na mji wa zamani wa Wakilindini, nao Mnara wa Mbaraki bado umesimama kama shahidi. Miaka kumi na sita nimeliandika jina hilo katika kila fomu ya shule, na sikuwahi kulisoma.

Basi msomaji, nami nakutega: Kitendawili! Ni kitu gani mtaani kwenu unachokipita kila siku, ambacho kikiondolewa kesho hutajua kilikuwaje? Toka ukakitazame leo. Ukishindwa utatoa mji, na safari hii mji wenyewe ni huu wetu.