Saa za Mbao za Seremala wa Barrow

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mtambo wowote wenye magurudumu ya meno, yanayoshikana na kusukumana kwa mwendo wa taratibu usiokosea, hauna budi kuwa wa chuma au wa shaba, na kwamba mbao, kwa kuwa huvimba wakati wa masika na kunywea wakati wa jua kali, hazifai ila kwa milango, vitanda na majahazi. Dhana hiyo si ya kipumbavu. Walakini imepata kukanushwa, tena si kwa maneno bali kwa kazi ya mikono, na mtu ambaye hakupata kuwa mwanafunzi wa fundi saa yeyote. Mtu huyo ni John Harrison, seremala mwana wa seremala, aliyezaliwa mwaka 1693 huko Foulby, katika jimbo la Yorkshire nchini Uingereza, akakulia katika kijiji cha Barrow upon Humber.

Mwaka 1713, alipokuwa kijana wa miaka 20 hivi, Harrison alikamilisha saa ndefu ya kusimama ambayo karibu mtambo wake wote ulikuwa wa mbao. Saa hiyo ingalipo hata leo, pamoja na nyingine mbili alizozifanya mwaka 1715 na mwaka 1717, na hiyo ya mwisho imehifadhiwa katika jumba la Nostell Priory, karibu na pale alipozaliwa. Yamkini shaba ilikuwa ghali kwa kijana wa shamba, lakini asidhani msomaji kwamba habari yote ni ya ufukara, kwani ufukara peke yake haumfundishi mtu yale aliyoyajua Harrison juu ya miti.

Ili tuufahamu ugumu wa kazi yenyewe, yafaa kwanza tuitazame tabia ya ubao. Nyuzi za ubao zimekwenda upande mmoja, tangu shinani hata kileleni. Ukiupasua kwa kuzifuata, kama afanyavyo mpasua kuni, huachana kwa pigo moja jepesi, ilhali ukitaka kuzikata kwa kukingama hukushinda. Basi gurudumu likikatwa katika ubao mmoja, meno yaliyo katika pande mbili zinazoelekeana huwa na nyuzi zinazotoka kitovuni kwenda nchani, nayo huwa madhubuti; bali meno ya pande mbili zilizosalia huwa na nyuzi zilizokingama, na hayo hukatika mara yapatapo uzito wa kazi. Fundi asiye na nadhari angeongeza unene wa gurudumu, akadhani amelimaliza jambo. Harrison alichonga mfuo kuzunguka ukingo wa sahani ya mwaloni, akapachika humo vipande vya mwaloni vyenye meno machache machache, kila kipande kimegeuzwa hata nyuzi zake zikaelekea nje kutoka kitovuni, na kwa hiyo pasiwe na jino hata moja lililo dhaifu kuliko wenzake. Faida ya pili, ambayo aghalabu husahauliwa, ni kwamba ubao huvimba na kunywea kwa upana wa nyuzi zake zaidi sana kuliko kwa urefu wake, hata urefu wa meno yaliyopangwa namna hiyo haubadiliki ila kidogo mno, hewa iwe kavu au ya unyevu.

Nguvu ya meno ilikuwa nusu ya kazi tu, maana adui mkubwa wa saa za zama zile alikuwa mafuta yenyewe. Mafuta yaliyopatikana yalitokana na wanyama na mimea. Yaliganda kwa baridi, yakachanganyika na vumbi, yakageuka ulimbo, na saa iliyokwenda vema mwaka wa kwanza ikaanza kuchelewa mwaka wa tatu. Mafundi wengine walitafuta mafuta bora. Harrison alitafuta mti usiohitaji mafuta. Mti huo ni lignum vitae, uotao katika visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, mzito hata ukitiwa majini huzama, nao una mafuta yake ya asili yaliyoenea ndani ya nyuzi. Kwa mti huo alikereza vigurudumu vidogo vinavyobingirika juu ya vijiti vya shaba mahali ambapo meno hukutana, akafanya na vikalio vya mihimili. Na pale ambapo chuma kingeshika kutu kwa kukosa mafuta, aliweka shaba.

Matunda ya fikra hiyo yanaonekana katika saa ya mnara aliyoijenga takriban mwaka 1722 kwa ajili ya mazizi ya farasi ya Brocklesby Park, katika jimbo la Lincolnshire. Humo sehemu moja tu ilikuwa ingali ikidai mafuta, nayo ni kile kizuizi kinacholiachia gurudumu la mwisho jino moja moja kwa kila mwendo wa pendulamu, kwani kizuizi cha dasturi huteleza juu ya jino, na pasipo mafuta kitelezacho hukwama. Harrison akabuni kingine, chenye miguu miwili inayokanyaga jino na kuruka pasipo kuteleza kabisa, ambacho kwa umbo lake na mrukio wake kimeitwa panzi. Saa ya Brocklesby ingali ikienda, na magurudumu yake ya mwaloni hayajui mafuta. Wengi humsifu Harrison kwa ile saa ndogo ya baharini aliyoimaliza mwaka 1759, iliyowawezesha mabaharia kujua longitudo. Mimi, nikipewa hiari, ningesafiri kwenda kuitazama hiyo ya mazizini.

Baadaye, kwa kusaidiana na ndugu yake James, alizikabili athari za joto. Pendulamu yenye ufito wa chuma hurefuka kidogo hewa ipatapo joto, na kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi saa huchelewa karibu nusu sekunde kwa siku. Ndugu hawa walipanga fito za shaba na za chuma cha pua kwa zamu, hata kurefuka kwa hizi kukafuta kurefuka kwa zile. Na saa walizozitia pendulamu hiyo, ambazo magurudumu yake yangali ya mwaloni, Harrison alisema kwamba hazikukosea zaidi ya sekunde moja kwa mwezi. Hata mtambo wake wa kwanza wa baharini, uliokamilika mwaka 1735, ulikuwa na magurudumu ya mbao.

Seremala wa kwetu atakaye kujaribu sanaa hii hana haja ya kuagiza lignum vitae, mti ambao siku hizi biashara yake imewekewa masharti ya kimataifa. Mpingo nao huzama majini, nao una mafuta yake, ndiyo sababu watengenezaji wa zumari za Ulaya huutafuta. Ingawa nao una masharti yake, vipande vinavyotupwa katika karakana za wachonga vinyago vyatosha kwa vikalio vya saa nzima. Kwa magurudumu na atwae msaji uliokauka sawasawa, na kabla ya kushika msumeno auchunguze ubao ajue nyuzi zake zinaelekea wapi.