Njia ya Wainka: Kichwa Kinapouma Mlimani

Katika milima ya Andes nchini Peru kuna mahali paitwapo Warmiwañusqa, yaani "mwanamke aliyekufa" kwa lugha ya Kikechua. Jina hilo linatokana na umbo la mlima, ambao kwa mbali hufanana na mwanamke aliyelala chali. Hapo, mita 4,215 juu ya usawa wa bahari, ndipo sehemu ya juu kabisa ya Njia ya Wainka, ambayo kwa kawaida hutembewa kwa siku 4, takriban kilomita 43, hadi magofu ya Machu Picchu, mji uliojengwa katika karne ya 15. Msafiri haruhusiwi kuipita bila kiongozi, na kila mwaka hufungwa mwezi Februari kwa matengenezo.

Hatari huanza kabla ya hatua ya kwanza. Wageni wengi huruka kwa ndege kutoka Lima, ulio pwani, hadi Cusco, ulio kwenye mwinuko wa mita 3,400 hivi. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kule Warmiwañusqa ni kama asilimia 60 tu ya ule wa pwani. Kila pumzi, kwa hiyo, huingiza oksijeni kidogo. Mwili huweza kuzoea, lakini huhitaji siku kadhaa. Ndiyo maana ni busara kutangulia kupumzika katika bonde la Urubamba, lililo chini kuliko Cusco.

Asiyezoea hupata ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu na kukosa usingizi. Ujana na nguvu za misuli si kinga. Ugonjwa ukipuuzwa, mapafu yaweza kujaa maji au ubongo kuvimba, na yote mawili huua.

Usiku wa kwanza misafara mingi hulala karibu na Wayllabamba, mita 3,000 hivi. Kesho yake hupanda zaidi ya mita 1,200, kisha hushuka upande wa pili. Jambo hili lina uzito wa kitabibu. Anayeugua kabla ya kuvuka aweza kurudi kwa kuteremka. Aliyekwisha kuvuka hana njia fupi ya kutoka, kwani mbele yake kuna mlima mwingine na nyuma yake ule alioupita. Kwa hiyo msafiri anayeficha maumivu ili asiwakwamishe wenzake hujinyima nafasi iliyo rahisi kuliko zote ya kuokoka.

Baada ya hapo magofu hufuatana: Runkurakay lenye umbo la duara, Sayacmarca, Phuyupatamarca na Wiñay Wayna. Kila kituo ni fursa ya kumchunguza mwenzako. Mtu atembee katika mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akiyumba, akichanganyikiwa, au akihema akiwa amekaa, asiendelee kupanda na asiachwe peke yake. Apewe oksijeni ikiwapo, na ateremshwe mara moja. Wapagazi nao wachunguzwe vivyo hivyo, maana mbeba mzigo huchelea kulalamika asije akapoteza kibarua.

Asetazolamidi husaidia kuzuia ugonjwa huu. Mtu mzima hupewa kwa kawaida miligramu 125 mara 2 kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, baada ya kuulizwa kuhusu mzio na ugonjwa wa figo. Majani ya koka, ambayo wenyeji hutafuna tangu kale, hayajathibitishwa kuwa kinga, na yaweza kuonekana katika kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya. Wenye selimundu, upungufu mkubwa wa damu, maradhi ya moyo au ya mapafu, pamoja na wajawazito, wamwone daktari kabla ya kulipia safari.

Mafunzo haya yanawahusu pia wapandao Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Mhudumu wa afya anayemshauri msafiri amwachie swali moja la kujiuliza kila jioni: je, kichwa kinauma? Jibu likiwa ndiyo, amwambie kiongozi usiku huohuo, na asipande zaidi mpaka apate nafuu.