Dawa ya kiporo ni kunogewa na kazi

Kuanzia Aprili mwaka wa 2019, Wakenya walipewa siku 45 kujisajili ili wapate Huduma Namba. Siku za mwisho zilipowadia katikati ya Mei, foleni zilizunguka vituo vya usajili, akina mama wakiwa na watoto mgongoni na wazee wakiwa wameketi kwenye mawe, hadi serikali ikalazimika kuongeza wiki moja. Aprili 2022 yakawa yale yale kwa usajili wa kadi za simu: foleni, malalamiko, kisha muda ukasogezwa hadi Oktoba. Na kila mwaka usiku wa Juni 30, mtu aliyekuwa na miezi sita ya kutuma ripoti yake ya kodi huonekana ameinamia tarakilishi akilalamika kuwa mtandao unakwenda kwa mwendo wa kobe.

Serikali huweza kuongeza siku. Mtihani nao haumngojei mtahiniwa aliyekuwa bado anapanga kuanza kudurusu. Huyo ndiye anayetuhusu leo, pamoja na mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye tasnifu yake imekwama katika sura ya pili kwa mwaka wa tatu sasa, na baba aliyeahidi kushughulikia hati ya ploti tangu kifungua mimba wake alipokuwa darasa la kwanza, ilhali kifungua mimba huyo sasa ana kitambulisho.

Waswahili hukiita chakula kilicholala kiporo, na kazi iliyolala pia huitwa kiporo. Tofauti ni kuwa wali wa jana ukiupasha moto asubuhi huenda ukawa mtamu kuliko ulivyokuwa. Kazi ya jana huchacha.

Si uvivu

Wazazi wengi wakimwona mtoto akiahirisha masomo humwita mvivu. Lakini hebu mtazame vizuri mwanafunzi aliyeambiwa aandike insha. Atapanga vitabu upya. Atachonga penseli tatu. Ataondoka aoshe vyombo ambavyo jana aligombezwa ndipo akaviosha. Mvivu haoshi vyombo! Huyu anafanya kazi kwa bidii, ila tu si ile kazi inayomngoja.

Mwaka wa 2013 wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walichapisha makala wakieleza kuwa anayeahirisha mambo, kimsingi, hajashindwa kupanga saa zake. Anakimbia hisia. Kazi ile inamtia hofu, inamchosha kwa kuifikiria tu, au inamkumbusha alama alizopata mara ya mwisho. Akiiacha kando hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfunza kuiacha tena kesho. Miaka sita kabla yao, mwaka wa 2007, Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada alikuwa amekusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu jambo hili, akaona kuwa kazi isiyopendeza, na ambayo malipo yake yako mbali, ndiyo huahirishwa zaidi, hasa na mtu asiyejiamini kuwa ataiweza.

Ikiwa kiini cha tatizo ni hisia, basi ratiba ya rangi nne iliyobandikwa ukutani haiwezi kuwa dawa peke yake. Tena kuitengeneza ratiba hiyo mara nyingi ni njia nyingine ya kuosha vyombo.

Mpira wa makaratasi

Sasa mtazame mtoto yuyo huyo saa kumi na moja jioni katika uwanja wa mtaa wowote jijini, uwe Umoja, Kayole au Kangemi. Anacheza mpira wa makaratasi na karatasi za plastiki uliofungwa kwa kamba. Hakuna aliyemhimiza. Njaa haisikii, kiu haisikii, na giza likiingia hudhani limeingia kwa ghafla. Ukimwita mara tatu huwa hajifanyi kiziwi; kwa kweli hajakusikia. Huyu ndiye mtoto ambaye mwalimu ameandika katika ripoti kuwa hawezi kumakinika kwa dakika kumi.

Msomi aliyeichunguza hali hiyo kwa kina alikuwa na jina la kutafuna ulimi: Mihaly Csikszentmihalyi, ambalo hutamkwa takriban Chik-sent-mi-hai. Alizaliwa mwaka wa 1934, akaishi utotoni mwake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akahamia Marekani mwaka wa 1956 na kusomea Chicago. Katika miaka ya 1960 aliwachunguza wanafunzi wa sanaa waliokuwa wakichora. Kilichomshangaza ni kwamba walizama katika picha kwa saa nyingi bila kujali chakula wala uchovu, lakini picha ikiisha waliiegemeza ukutani na kuanza nyingine, kana kwamba ile ya kwanza haikuwa na thamani tena. Utamu ulikuwa katika kuchora kwenyewe.

Aliendelea kuwahoji wacheza sataranji, wapanda majabali, wacheza ngoma na madaktari wa upasuaji. Wengi walieleza kitu kimoja kwa maneno yanayofanana: kazi inajiendea kama maji ya mto, mtu hajifikirii mwenyewe, na saa hupita kama dakika. Kutokana na maneno hayo hali yenyewe ikapata jina la mtiririko. Kitabu chake kilichoieneza habari hiyo duniani kilitoka mwaka wa 1990, naye akafariki Oktoba 2021. Kiswahili, kwa maoni yangu, kilikuwa na neno lake zamani: kunogewa.

Katika utafiti wake mmoja alioutoa pamoja na Judith LeFevre mwaka wa 1989, wafanyakazi walipewa vifaa vidogo vilivyolia mara kadhaa kwa siku, na kila kikilia waliandika wanafanya nini na wanajisikiaje. Ilibainika kuwa watu walinogewa mara nyingi zaidi wakiwa kazini kuliko wakiwa wamepumzika. Hata hivyo, wakiwa kazini walitamani wangekuwa wanafanya jambo jingine! Fikiria hilo utakapoketi mbele ya runinga kwa saa tatu ukimkimbia mtihani, kisha ukainuka ukiwa umechoka kuliko ulivyoketi.

Vifanyavyo kazi inoge

Tembea hadi Kamukunji uwasikilize mafundi wa jua kali wakigonga mabati. Fundi anayetengeneza sanduku la mwanafunzi wa bweni anajua hasa anachokitaka: sanduku la kipimo fulani lenye kifuniko kinachofunga. Kila pigo la nyundo humjibu hapo hapo, kwa sauti na kwa umbo la bati, kama amegonga sawa au ameharibu. Na kazi yenyewe si rahisi hata asinzie, wala si ngumu hata akate tamaa. Hayo ndiyo masharti ambayo Csikszentmihalyi aliyataja: lengo lililo wazi, jibu la papo kwa papo, na ugumu unaolingana na uwezo wa mtu. Kazi ikizidi uwezo huleta hofu, na ikipungua huleta kuchoshwa. Kote kuwili mtu hutafuta vyombo vya kuosha.

Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa muda wa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, masharti hayo aliwekewa barabarani. Gari lililotangulia lilimulika mistari ya mwanga ardhini kuonyesha kasi inayotakiwa, na wakimbiaji 41 walipokezana kumwongoza. Hakuhitaji kujiuliza kama amechelewa. Mwanga ulimwambia katika kila hatua.

Linganisha na agizo hili ambalo mzazi humpa mtoto: "Nenda ukasome!" Asome nini? Kwa muda gani? Atajuaje kuwa amesoma? Katika agizo hilo hamna goli wala refa. Lakini mwambie afanye hesabu tano za sehemu katika ukurasa fulani, kisha alinganishe majibu na yaliyo nyuma ya kitabu, na umempa uwanja wa kuchezea. Akizipata zote tano kwa haraka, zinazofuata ziwe ngumu kidogo. Akikosa nne, rudini nyuma darasa moja bila ya kumwaibisha.

Mwenye tasnifu naye asiandike kwenye shajara yake "kushughulikia sura ya pili." Na aandike "aya mbili kuhusu kitabu kile chenye jalada la bluu." Lengo dogo namna hiyo linaonekana kama mzaha, lakini ndilo linaloweza kuanzwa.

Fundi wa nguo na kitambaa chako

Hapa sharti tumtaje fundi wa nguo, maana yeye ni bingwa wa "njoo Ijumaa." Ukimchungulia anaposhona utaona mtu aliyenogewa: mguu kwenye kinu cha cherehani, macho kwenye sindano, hata ukimsalimu haitikii. Basi kwa nini kitambaa chako kimekaa rafuni mwezi mzima? Ni kwa sababu hakijakatwa. Kushona kunaweza kufumuliwa. Kukata hakurudi, na kitambaa ni cha wenyewe. Mafundi wengi huahirisha mkasi, si cherehani.

Kila kazi ina mkasi wake. Kwa mwandishi ni sentensi ya kwanza, kwa mwanafunzi ni kufungua ile sura asiyoielewa, kwa mwenye ploti ni siku ya kwanza ya kwenda katika ofisi ya ardhi bila kujua dirisha lipi ni lipi. Kunogewa hakuji kabla ya mkasi, na hapo ndipo wengi hukosea: huketi wakingoja hamu ije ndipo waanze.

Mwaka wa 1928 mtafiti Maria Ovsiankina, aliyekuwa akisoma Berlin, aliwapa watu vijikazi vidogo kisha akawakatiza katikati. Walipoachwa peke yao, wengi wao walivirudia wenyewe bila ya kuagizwa. Kazi iliyoanzwa humvuta mtu. Kwa hivyo mkasi wa kwanza na uwe mdogo kiasi cha kutotisha, hata kama ni kuandika kichwa cha insha na sentensi moja mbovu.

Naye Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi nchini Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya na kujipima iwapo angeweza kusoma kwa dakika chache tu bila kukatizwa. Baadaye alikuja kupendelea dakika 25 za kazi na tano za kupumzika. Njia hiyo imeenea sana. Mimi naiona nzuri kwa kuanzia. Lakini ukiwa umekwisha kunogewa, kengele ikilia usiitii kama jeshini. Endelea. Na ukiacha, acha mahali unapojua kitakachofuata, kama alivyokuwa akifanya mwandishi Ernest Hemingway, ili kesho usianze kwa kukuna kichwa.

Onyo ni kwamba si kila kinachonoga ni chema. Watengenezaji wa michezo ya simu na ya kamari wanayajua vyema masharti haya ya lengo na jibu la papo hapo, na kijana anaweza kunogewa humo hadi karo ikaisha. Pia kuna kazi ambazo hazitanoga kamwe. Ripoti ya kodi ni mojawapo. Hiyo mwalike rafiki ambaye naye hajatuma yake, mkae meza moja, mfanye na mmalize. Na iwapo mtoto au mtu mzima ameacha hata yale aliyoyapenda zamani, halali vizuri au analala mchana kutwa, hilo si suala la viporo. Aonane na daktari au mshauri nasaha.

Nyumba ya vyumba viwili

Mtasema hayo ni rahisi kwa mwenye chumba cha kusomea. Katika nyumba nyingi za jijini meza ni moja, nayo ndiyo ya chakula, ya kupigia pasi na ya kazi za shule, na runinga iko hatua mbili kutoka hapo. Mwaka wa 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kuwa mtu akihamishwa kwenda kazi nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza, sehemu ya fikira zake hubaki nyuma, na ile ya pili huifanya vibaya. Basi kila mtoto anapoitwa mara tano katika saa moja, saa hiyo imepotea hata kama hakuondoka kitini.

Kinachowezekana ni saa moja ya nyumba nzima, kwa mfano kati ya saa moja na saa mbili usiku, ambapo runinga imezimwa na simu zote, ya baba ikiwamo, zimewekwa kwenye kikapu jikoni. Baba akibaki na yake, kikapu hicho hakitadumu wiki. Wenye majirani wa muziki wa sauti ya juu wajaribu alfajiri, saa kumi na moja hadi kumi na mbili, kabla matatu za kwanza hazijaanza kupiga honi.

Na suala la kumtuma mtoto dukani. Ukimwona ameinama, kalamu inakwenda, mdomo umeachama kidogo na hata nzi aliyemtua sikioni hamfukuzi, huyo amefika. Unga na ununuliwe mapema, au aende aliyeketi bure.