Mifupa Laini Penye Jua Kali

Dalili huanzia kwenye kigoda. Mama aliyezoea kuketi na kuinuka bila kuwaza sasa anashika magoti, anajisukuma, anaegemea ukuta wa jiko. Nyonga zinauma, kiuno kinauma, mbavu zikibonyezwa zinauma; akitembea anayumba kama bata. Gorong'a, mkoani Mara, kama kwingineko, ni rahisi kusema ni baridi yabisi, au uzee umefika. Huenda ni osteomalasia: kulainika kwa mifupa ya mtu mzima.

Mfupa hujengwa kama nyumba ya miti na udongo. Fito ni nyuzi za protini. Udongo ni kalsiamu na fosfeti. Mwili hubomoa na kukarabati maisha yote. Katika ugonjwa huu fito zinaendelea kufungwa, ila hazikandikwi. Mtoto akipatwa na hali hiyo, tunaita matege.

Kwingi duniani kisa ni upungufu wa vitamini D, inayotengenezwa na ngozi ikipigwa jua na kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Wanawake wengi wa Kisomali waliohamia Sweden wamekutwa na upungufu huo. Lakini Mara iko karibu kabisa na ikweta, na watu hushinda shambani. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya Wamasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania: wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali 50 huhesabiwa na wataalamu wengi kuwa inatosha.

Basi penye jua daktari aulize zaidi. Mgonjwa anameza dawa gani? Baadhi ya dawa za kifafa humaliza vitamini D mwilini. Tenofovir, iliyomo katika dawa nyingi za kufubaza VVU (ARV), huwadhuru figo watu wachache, fosfeti ikapotea kwenye mkojo. Asiache mtu dawa kwa hofu. Daktari anaweza kumbadilishia.

Na anakula nini? Ugali wa mahindi una kalsiamu kidogo mno. Ulezi, nafaka ya Wakuria wa Mara tangu zamani, una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu kwa kila gramu 100, na uji wake ukichachushwa mwili huipata kwa urahisi zaidi. Dagaa wa Ziwa Victoria huliwa na mifupa yake.

Pamoja na vipimo vya damu, eksirei huweza kuonyesha ufa mwembamba kwenye shingo ya mfupa wa paja. Chanzo kikitibiwa, maumivu hupungua baada ya majuma kadhaa. Ufa huziba taratibu, kwa miezi.