Kinga ya saratani: sahani ya mboga au chupa ya vidonge?

Leo tunajibu swali linaloulizwa sana majumbani: je, vidonge vya vitamini vinavyouzwa kwa sifa ya "kusafisha mwili" vinaweza kumkinga mtu na saratani?

Kabla ya kujibu, hebu ingia jikoni. Kata bilinganya uliache dakika chache. Utaliona linageuka rangi na kuwa jeusi jeusi. Likamulie ndimu, litachelewa kugeuka. Oksijeni ya hewani ndiyo inayolibadilisha, na ndimu hulizuia kwa muda.

Mwilini nako kuna jambo linalofanana na hilo. Mwili unapotumia oksijeni kuunguza chakula ili upate nguvu, hubaki chembe haribifu. Zikiwa chache, mwili huzidhibiti wenyewe. Zikizidi, hushambulia seli na kuharibu vinasaba, yaani maelekezo yanayoiongoza seli. Hali hiyo wataalamu huiita mkazo wa oksidi. Madhara yakirundikana kwa miaka mingi, seli inaweza kuanza kuzaana ovyo, na hiyo ndiyo saratani. Moshi wa sigara, pombe na unene wa kupindukia huongeza chembe hizo.

Mboga na matunda yana viini vinavyosaidia kuzituliza. Watafiti waliona kuwa walaji wazuri wa mboga na matunda hawapati sana saratani ya mapafu. Wakajiuliza: kwa nini tusikichukue kiini kimoja tukakifanya kidonge?

Walijaribu nchini Finland kuanzia mwaka 1985, kwa wanaume 29,133 wavutaji sigara. Baadhi walipewa kila siku miligramu 20 za beta-karotini, kiini kinachoipa karoti rangi yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994 na yakawashangaza wengi. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza.

Marekani nako jaribio kama hilo, lililohusu wavutaji sigara, walioacha kuvuta na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto, lilisimamishwa Januari 1996. Waliomeza vidonge walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi.

Kwa nini mboga isidhuru, kidonge kidhuru? Mboga huja na viini vingi kwa pamoja, kila kimoja kwa kiasi kidogo, tena pamoja na nyuzinyuzi. Kidonge huleta kiini kimoja kwa wingi. Aidha, majaribio ya panya yameonyesha kuwa viini hivyo vikizidi vinaweza kuzilinda hata seli za saratani zenyewe.

Basi ufanye nini nyumbani kwako?

Kwanza, aliye na sigara aiache. Hakuna chakula wala kidonge kinachofuta madhara yake.

Pili, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Mchicha, matembele, boga, karoti, nyanya, mapera na machungwa vyote vinafaa. Mboga usiichemshe mno ukamwaga maji yake, maana vitamini C hupotelea humo. Tia mafuta kidogo au tui la nazi, kwani beta-karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe mwilini.

Tatu, mafuta yaliyokwisha kukaangia sambusa na bagia yakawa meusi usiyarudie kesho. Yameshaharibiwa na moto na oksijeni.

Nne, mwenye saratani asiache matibabu kwa ajili ya chupa ya vidonge, wala asivimeze bila kumweleza daktari wake. Vidonge vya aina hii vinaweza kupunguza nguvu ya baadhi ya tiba.

Ndugu msomaji, hakuna mboga inayompa mtu hakikisho la kutougua saratani. Lakini fungu la mchicha halijamdhuru mlaji wake kama vidonge vile. Mtu akikubishia hodi na chupa yake ya bei kubwa, fedha hiyo ipeleke sokoni.