Mchanga wa Kampinos Ulitoka Wapi?

Wengi wetu tunamfahamu Mtakatifu Maximilian Kolbe, na pengine tumesikia habari za Niepokalanów, konventi aliyoianzisha mwaka 1927 magharibi mwa Warszawa, Poland. Kaskazini ya konventi hiyo kuna msitu wa Kampinos. Chini ya misonobari yake kuna vilima vya mchanga, vingine vyenye kimo cha mita 30 hivi. Bahari iko mbali, wala hakuna jangwa. Mchanga huo ulifikaje?

Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu nene ilifunika Skandinavia na kufika kaskazini mwa Poland. Ilikwangua miamba na kuisaga. Ilipoyeyuka, maji yalizoa mchanga, na mto Vistula ukautandaza bondeni. Nchi ilikuwa baridi na kavu, mimea michache. Upepo ukauokota mchanga na kuurundika.

Tunajuaje? Kwanza, umbo la vilima. Vingi vimepinda kama kwato ya farasi, na mikono yake imeelekea magharibi, upande ulikotoka upepo.

Pili, chembe zenyewe. Zilizopeperushwa kwa muda mrefu hugongana hadi zikawa mviringo, na uso wake hufifia kama kioo kilichokwaruzwa.

Tatu, mwanga. Chembe iliyofukiwa hujiwekea nishati kutokana na mnururisho wa udongo unaoizunguka. Mwanga wa jua huifuta. Wataalamu wakiipima nishati hiyo, hujua chembe ililiona jua mara ya mwisho lini.

Nne, madini ya zirkoni. Ndani yake urani hugeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana, hivyo kila chembe hubeba umri wake. Yenye miaka bilioni 1.8 hivi hulingana na miamba ya Uswidi na Ufini.

Hapa inatakiwa tahadhari. Zirkoni hutaja mwamba ilikozaliwa. Haitaji njia yote iliyopita. Huenda ilibebwa na barafu, ikakaa, kisha ikachukuliwa na mto. Kwa hiyo mchanga wa kilima hulinganishwa pia na mashapo ya jirani. Kwa Kampinos, upepo uliuchota bondeni mle mle mwa Vistula. Safari ndefu ilikuwa ya barafu na maji. Ya upepo ilikuwa fupi.

Vijana wa parokia hutuuliza kama maswali ya namna hii yanapingana na imani. Tuwakumbushe Mwenyeheri Niels Stensen. Mwaka 1669 alichapisha kitabu kilichofundisha kusoma historia ya dunia katika matabaka ya miamba. Baadaye akawa padre, kisha askofu, na Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988. Kuuliza mchanga ulitoka wapi si kushindana na Muumba. Ni kuitazama kazi yake kwa uvumilivu, bila kuharakia jibu la kwanza.